Duka Si Dawa

Kuna hadithi moja inayopendwa sana na magazeti, redio na mitandao yetu. Imeandikwa mara nyingi kiasi kwamba ukisoma sentensi ya kwanza unaweza kuimalizia mwenyewe. Mtu aliumwa akili. Jamaa wakamkimbia. Akazungushwa kwa waganga, akafikishwa hospitali, akatulia. Halafu akapata mtaji kidogo, kikundi kikampiga jeki, akafungua genge, au saluni, au banda la chipsi, na leo anasomesha watoto na ameajiri vijana wawili. Pichani amesimama mbele ya biashara yake, mikono kiunoni, anacheka. Chini pameandikwa kitu kama: kutoka uchizi hadi ubosi.

Sina ugomvi na huyo aliye pichani. Mungu amzidishie. Ugomvi wangu ni na hadithi yenyewe, kwa sababu imeliweka duka mahali pa dawa, na imetufundisha kuamini kwamba mtu aliyeumwa akili anarudi kuwa mtu siku anayoanza kuingiza faida. Asiyeingiza, hana picha.

Miaka minne iliyopita mhariri mmoja aliniomba nimwandikie hadithi ya aina hii, na alishasikia kwamba Jambiani, kijijini kwa mama yangu, kuna mtu anayefaa. Alinitumia maswali sita. Alianza na mtaji wa kiasi gani? Aliupata wapi? Sasa anaingiza kiasi gani kwa siku? Ana waajiriwa wangapi? Ana mpango wa kupanua? La sita lilikuwa kama atakubali kupigwa picha. Hakuna swali hata moja lililouliza anatumia dawa gani, anazipata wapi, na zikikosekana inakuwaje. Sikuiandika. Naandika hii badala yake, na picha haina.

Mtu mwenyewe ni mama mdogo wangu. Sitomtaja jina, Jambiani ni refu lakini si kubwa, limejinyoosha pwani na kila mtu anamjua mwenziwe. Wageni wanaijua kwa mchanga mweupe, kwa wale wanaorushwa na matiara juu ya maji, na kwa hoteli zinazozidi kubanana kutoka Paje kwenda kusini. Sisi tunaijua kwa maji kutoka mbali sana, mpaka unaona wanawake wakiwa nukta kule kwenye mwani.

Aliumwa baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Hakulala siku nyingi, akawa anasikia watu wakimsema ukutani, akaanza kuzunguka pwani usiku. Ikasemwa ni majini, ikasemwa ni kijicho, akasomewa, akafukizwa. Ilichukua karibu mwaka kabla ya kupelekwa mjini. Hospitali ya wagonjwa wa akili Zanzibar ni moja, Kidongo Chekundu, na kutoka Jambiani ni zaidi ya kilomita 50: gari ya 309 mpaka mjini, halafu usafiri mwengine. Ziwe nauli mbili, ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya kazi iliyopotea kwa wote wawili. Hesabu hiyo iwekeni akilini.

Alipotulia, familia ikakaa kikao. Kila mtu alikuwa na neno moja tu mdomoni: biashara. Asikae bure, akikaa bure mawazo yatamrudia. Likachongwa dirisha kwenye ukuta wa nyumba, akaingizwa kwenye kikundi cha mikopo, ikanunuliwa friji, zikapangwa soda, sabuni, sukari ya kupima, vocha. Kwa miezi mitano mambo yalikuwa mazuri kweli. Kama mwandishi angefika mwezi wa nne, angepata hadithi yake yote na picha juu.

Sasa sikilizeni duka linavyofanya kazi. Duka linataka lifunguliwe alfajiri, watoto wapate sukari ya chai. Dawa alizokuwa anakunywa usiku zilimlaza mpaka saa tatu. Duka linataka mkono mwepesi wa kupima na kurudisha chenji. Dawa zilimtetemesha mikono, sukari ikimwagika juu ya mzani, na watoto wa skuli wakicheka. Duka linataka mtu asiyekosekana, kwa sababu mteja akikuta dirisha limefungwa siku tatu anahamia kwa jirani na harudi. Na kikundi kinataka rejesho kila wiki, na ukichelewa, faini.

Basi akafanya alichofanya wengi kabla yake, akaanza kuruka dawa ili aweze kuamka. Duka likafunguliwa alfajiri kwa wiki kadhaa. Kisha ugonjwa ukamrudia kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, akalazwa wiki tano, na aliporudi friji lilishabebwa na kikundi. Mezani palibaki mzani tu.

Nataka hapa nieleweke vizuri. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kikundi kilifuata masharti yake, familia ilitoa ilichokuwa nacho. Lakini biashara ile haikumponya, ilimgharimu dawa zake. Ukitaka kujua kwa nini nakasirika nikiona zile picha za mikono kiunoni, ni hapo. Sote tunamjua aliyepona akafungua duka. Aliyeacha dawa ili duka lisifungwe hapigwi picha.

Lawama nyengine nawapa ndugu zetu wa hamasa. Pita barabara yoyote yenye vitabu vilivyotandikwa chini, Dar es Salaam au hapa Darajani, utakuta vitabu vya hadithi ni vichache, na vya kufundisha namna ya kutajirika vimejaa tele. Jifunze, thubutu, amka saa kumi alfajiri, ijue thamani yako. Na kuna msemo wao wanaoupenda sana, kwamba mtaji wa kwanza ni akili. Sawa. Na yule ambaye akili ndiyo iliyomwangusha? Yeye mnamwambia nini, kwamba amefilisika kabla ya kuanza? Kuamka saa kumi alfajiri ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye afya na ni sumu kwa mtu ambaye kukosa usingizi ndiyo dalili ya kwanza kwamba ugonjwa unarudi. Lakini vitabu hivi haviandikwi kwa ajili ya mtu mwenye mwili. Vinaandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nia.

Na fasihi yetu nayo, ambayo ndiyo inayotukutanisha hapa, haijasaidia sana. Sisi Waswahili tumeandika juu ya akili kuvurugika, na tumeandika vizuri, lakini tumeandika mporomoko tu. Euphrase Kezilahabi, ambaye kwangu ni mkubwa wao, alitupa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. (Samahani kwa ambaye hajasoma, ila nusu karne nadhani imetosha.) Ukiacha hao, kuna mwendawazimu wa sokoni ambaye kila mwandishi amemtumia angalau mara moja: anapita na matambara yake, anasema ukweli ambao wenye akili wanaogopa kuusema, kisha anapotea. Ni mhusika rahisi. Hana haja ya kula, hana deni, hana nauli ya kliniki. Mwandishi akimaliza kumtumia anamrudisha jalalani.

Ninachokitafuta kwenye rafu zetu na nisikipate ni Jumanne ya kawaida ya mtu aliyerudi kutoka hospitali. Amefika nyumbani, vidonge viko kwenye mfuko wa nailoni, majirani wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Anafanya nini saa nne asubuhi? Hapo ndipo hadithi inapoanza, na hapo ndipo riwaya nyingi zinapofunga mlango.

Nilikipata kitabu cha namna hiyo, lakini si cha Kiswahili. Bessie Head alizaliwa 1937 ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, alikokuwa amefungiwa mama yake. Mwaka 1964 akahamia Botswana, akakaa kijiji cha Serowe, na huko naye akaugua mpaka akalazwa. Mwaka 1973 akachapisha A Question of Power, riwaya ngumu, yenye kuchosha katika kurasa zake nyingi, na sijui kitabu kingine chenye ukweli zaidi juu ya jambo hili. Elizabeth, mwanamke mgeni kijijini mwenye mtoto mmoja wa kiume, usiku anateswa na watu wasiokuwepo. Mchana yumo kwenye bustani ya ushirika. Anapanda mboga. Anapanda vile vitunda vya manjano vinavyojifunika ganda jepesi kama karatasi, anavipika jemu, jemu inauzwa.

Msomaji aliyezoea hadithi ya mhariri wangu atangoja jemu imponye. Haimponyi. Usiku wanarudi wale wale. Anaanguka tena, anapelekwa hospitali, anakaa huko miezi. Na hapa ndipo Bessie Head anapowashinda wasemaji wote wa hamasa: mwenzake wa bustanini, Kenosi, mwanamke wa kijijini asiye na maneno mengi, anaendelea kumwagilia na kuuza, na anaandika mauzo ndani ya daftari kwa mwandiko wa mtu ambaye kalamu si kazi yake, nyanya kiasi gani, vitunguu kiasi gani. Elizabeth anaporudi, daftari lipo. Bustani ipo. Nafasi yake haijajazwa. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kidogo, kwa sababu nilikuwa nawaza friji lililobebwa.

Tofauti ya friji na daftari ndiyo ninayoitetea hapa. Swali la kumuuliza mtu anayetaka kuanza biashara baada ya kuumwa akili si atapata faida kiasi gani siku akiwa mzima. Ni hili: akianguka mwezi mzima, kitakuwepo nini akirudi, na nani atakuwa ameandika daftari?

Mama mdogo alilijibu bila kusoma Bessie Head. Baada ya duka kufa alikaa karibu mwaka hafanyi kitu, akaenda kliniki, akawa anadungwa sindano ya mwezi badala ya vidonge vya kila usiku, mikono ikatulia kidogo. Kisha akarudi kwenye kazi ya mama yake: makumbi.

Kwa asiyejua: kumbi la nazi halitoi usumba likiwa kavu. Wanawake wa Jambiani wanachimba mashimo pwani, pale maji yanapofika yakijaa, wanayafukia makumbi humo, wanayafunika mchanga na mawe, wanayaacha. Miezi sita, minane, wengine mwaka. Maji ya chumvi yanafanya kazi yake taratibu. Halafu yanafukuliwa, na harufu yake usiniulize, yanapondwa kwa mti mpaka nyuzi ziachane, yanaoshwa, yanaanikwa, na nyuzi zinasokotwa kwa viganja kuwa kamba. Kamba hiyo ndiyo inayofunga fito na makuti, na tangu hoteli zilipoanza kupenda mapaa ya makuti, wanunuzi hawakosekani.

Itazame hiyo kama biashara, siyo kama picha ya utalii. Mtaji wake ni makumbi, ambayo wengine wanayatupa. Haina alfajiri. Haina mteja anayegonga dirisha. Ukilala mpaka saa tatu, makumbi bado yamo shimoni. Ukilazwa wiki tano, yamo shimoni, na pengine yamelainika zaidi. Mama mdogo ana maneno yake juu ya hili: "Makumbi hayanuni." Miaka miwili iliyopita ugonjwa ulimrudia tena, mara hii kwa wiki tatu, na dada yake pamoja na jirani mmoja walimfukulia shimo lililokuwa limeiva na kumwanikia. Aliporudi alikuta nyuzi zimefungwa mafungu ukumbini. Hakuna aliyempigia faini.

Sisemi kila mtu akafukie makumbi. Kazi ni chafu, malipo ni madogo, na mgongo unauma. Hata mwani, ambao umelimwa kibiashara Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na umewapa wanawake wengi wa pwani ya mashariki senti zao wenyewe, una rehema kidogo ya namna hiyo: unakwenda na bamvua, maji mafu unapumzika, na jirani anaweza kukuangalizia kamba zako. Lakini bahari imepata joto, ile aina ya bei nzuri inakufa, na iliyobaki inauzwa kwa bei ya kudhalilisha. Pia kuna wanawake wa Jambiani wanaofuga sifongo baharini, waliofundishwa na asasi ya marinecultures.org. Hao hawakuchaguliwa kwa ajili ya ugonjwa, lakini kuna jambo ndani ya mpango ule ambalo wanaogawa mitaji kwa wagonjwa wangelitazama: mwanamke anafundishwa kwa muda mrefu kabla ya kuachiwa shamba lake, wala hapewi kitu siku ya kwanza akaambiwa "pambana".

Mfuatano una maana. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona wanakiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, yaani kile kile ambacho sisi tukikiona tunasema fulani ana mawazo. Majaribio ya kitaalamu yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba benchi lile linasaidia kweli, na wazo hilo lilivuka mipaka likafika hata Zanzibar. Baada ya vikao vya benchi kuna vikundi ambamo watu wanakutana, wanazungumza, na huku wanasuka mikoba ya kuuza. Benchi kwanza, mkoba baadaye. Na mkoba ukichelewa, hakuna anayekuja kubeba friji. Hata Lutindi, kwenye milima ya Usambara kule Korogwe, ambako kazi za shamba na ufundi zimekuwa sehemu ya matibabu kwa miaka mingi, kazi imezungukwa na wauguzi. Sisi tumechukua kazi tukawaacha wauguzi, tukaiita ujasiriamali.

Mtaniuliza, kwa hiyo wagonjwa wasifanye biashara? Wafanye. Nani aliyesema wasifanye? Nimeona kwa macho yangu biashara imemfanyia nini mama mdogo, na si kile kilichoulizwa na mhariri. Zamani kila aliyepita barazani alimsalimia kwa swali moja: "Umeshakunywa dawa?" Hata watoto wake. Hata mimi nikipiga simu kutoka mjini. Siku hizi anayepita anauliza, "Bi, kamba ipo?" Na wanabishana bei. Jambo la bei ni kubwa kuliko mnavyofikiri. Mwendawazimu habishaniwi bei. Anapewa tu, au anafukuzwa. Ukiona mtu anasimama juani robo saa anagombana na mama yako mdogo juu ya shilingi 500, ujue amemhesabu kuwa ni mtu.

Hilo ndilo biashara inaloweza kutoa, nami silidharau. Lakini halitolewi na friji la mkopo. Linahitaji sindano ya kila mwezi iwepo kila mwezi, na nauli ya kuifuata. Wafadhili na vikundi mnaosoma hapa: zile nauli mbili za gari ya 309 nilizosema muziweke akilini, kwa mwaka mzima ni chini ya bei ya friji. Lipieni hizo kwanza. Na waandishi wenzangu wa riwaya, mnaotafuta mhusika: yupo anayepima pishi la muda kwa makumbi, anayejua kwamba ataanguka tena na bado anafukia shimo jipya litakaloiva mwakani. Huyo hajaandikwa.

Mwezi uliopita fundi mmoja wa kuezeka makuti alichukua kwake mafungu sita ya kamba kwa mkopo, akaahidi kulipa Ijumaa. Ijumaa tatu zimepita. Nilikuwepo pale barazani alipopiga simu kuomba aongezewe muda. Alimwita mama mara nne, shikamoo mara mbili, akamuuliza hali ya mguu wake, akamwombea na dua. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, huku anasokota, simu ameibana na bega. Kisha akamwambia mpaka Jumapili, na akakata.